Hekalu la Wahindu Mwanza mjini, nenda jioni wakati wa aarti, ibada ya taa

Jamani mi nimezaliwa hapahapa Mwanza na nimepita nje ya hili hekalu tangu nasoma, sikuwahi kuingia nilijua ni la Wahindi wenyewe tu. Juzi bosi wangu wa dukani, mama wa Kihindi, akaniambia jioni njoo tusali, vaa tu nguo ya heshima. Nikafunga kitenge nikaenda.

Viatu unaacha mlangoni, kuna kengele imening'inia unaigonga unapoingia. Ndani marumaru ya baridi, sanamu zimevishwa nguo za kung'aa na mashada ya maua mabichi. Aarti ilipoanza pujari, yaani kuhani wa hekalu, akashika taa ya shaba, tambi tano za pamba zimelowa samli zinawaka, akawa anaizungusha taratibu mbele ya sanamu huku kengele zinalia na watu wanaimba wanapiga makofi, kwa kweli nilisisimka mwili mzima. Halafu ile taa ikaletwa kwetu, kila mtu anapitisha viganja juu ya moto anajigusa usoni na kichwani, ikanifikia mimi nikamwangalia mama akaniitikia kwa kichwa, nikafanya. Harufu ya samli imebaki mikononi mpaka nafika Kirumba!!

Baadaye wakagawa prasad, chakula kilichotolewa kwanza kwa mungu, nilipata laddu, vile vitamu vya mviringo, na ndizi, pokea kwa mkono wa kulia.

Bibi mmoja kwa Kiswahili safi kabisa akanisimulia babu yake alitoka Gujarat kule India, akapanda treni mpaka Kisumu maana reli ilishafika pale toka 1901, akavuka ziwa kwa meli kuja kufungua duka huku, na reli yetu ya Mwanza ilikuwa bado sana, imekuja 1928.

Natoa nyota 4 kati ya 5. Moja nimebana kwa sababu hakuna maelezo ya Kiswahili kwenye sanamu, nimeuliza moja moja, ndo nikajua Ganesh mwenye kichwa cha tembo anaombwa kwanza kabla ya kuanza jambo lolote, hata kufungua duka. Vitu vizuri hivi viandikwe jamani watu wajue.

Sikukuu yao ya Navratri nimeshaalikwa, usiku tisa mfululizo wanacheza ngoma ya garba kwa kuzunguka taa, na kuna ngoma ya kugonganisha fimbo, binti wa bosi ameanza kunifundisha stoo tukishafunga.