Tathmini: qcc kwenye laini ya kupakia chai, je, inafaa?

qcc ni kifurushi cha bure cha programu ya takwimu ya R, kazi ya Luca Scrucca, cha kuchora chati za kudhibiti ubora, yaani michoro inayoonya mashine ikianza kupotoka. Hapa tumepima amri yake moja tu, cusum, kwa kazi ambayo wapakiaji chai wa Mombasa wanaijua vizuri: pakiti za gramu 250.

Chati ya kawaida, ile aliyoianzisha mwanatakwimu Walter Shewhart mwaka 1924, huitazama pakiti iliyo mezani na kuzisahau zilizotangulia. Uzito ukihama kwa mkengeuko sanifu mmoja (kipimo cha jinsi pakiti zinavyotawanyika kuzunguka wastani), kwa wastani hupita vipimo 44 kabla haijashtuka. Chati ya jumla limbikizi, ndiyo hiyo cusum, aliyoitoa mwanatakwimu E. S. Page mwaka 1954 akifuata upimaji mfuatano wa Abraham Wald (kupima kimoja kimoja hadi ushahidi utoshe), hushtuka baada ya kama 10. Wala haipigi kelele ovyo: kwa k (kiasi kinachosamehewa kila kipimo) ya 0.5 na h (mpaka wa jumla, ukivukwa ni onyo) ya 5, zote zikihesabiwa kwa mikengeuko sanifu, onyo la uongo huja kwa wastani mara moja katika vipimo 465, wakati ile ya kawaida ni 370.

Tuseme mkengeuko sanifu ni gramu 1.2. Basi k ni gramu 0.6 na h ni gramu 6. Kila pakiti, toa 250.6 kwenye uzito wake, ongeza kwenye jumla iliyopo, na jumla ikishuka chini ya sifuri irudishe sifuri. Mashine inayojaza kwa ujazo imeletewa majani mazito kidogo, na mizani inasoma 251.9, 250.8, 252.3, 251.6, 252.0, 251.7. Jumla inapanda 1.3, 1.5, 3.2, 4.2, 5.6, kisha 6.7: onyo. Hakuna hata pakiti moja iliyovuka mpaka wa chati ya kawaida wa 253.6, yaani 250 kuongeza mikengeuko sanifu mitatu. Ni haba na haba, na h ndiyo kibaba chenyewe. Upande wa kupungua una jumla yake, kwa 249.4 kutoa uzito.

Onyo likija, rudi nyuma hadi mahali jumla ilipokuwa sifuri mara ya mwisho. Mabadiliko yalianza karibu na hapo, na hapo ndipo pa kuuliza nani alibadilisha mchanganyiko. Kiasi cha kurekebisha ni k kuongeza jumla iliyogawanywa kwa idadi ya vipimo: 0.6 + 6.7/6, yaani kama gramu 1.7.

Sasa kasoro. Ukiandika cusum(uzito) bila kitu kingine, programu inakokotoa wastani yenyewe kutoka kwenye data hiyohiyo. Kama mashine ilikuwa imepotoka tangu asubuhi, upotofu huo unageuka kuwa lengo na chati inatulia kama bahari ya kaskazi. Andika cusum(uzito, center=250, std.dev=1.2), na hiyo 1.2 itoke kwenye siku ambayo laini ilikuwa shwari: wastani wa tofauti za pakiti zinazofuatana, bila kujali alama ya kutoa, gawanya kwa 1.128, namba ya kudumu ya kitakwimu. Mkengeuko sanifu wa kawaida wa data nzima huvimba wastani ukihama, na h inakuwa kubwa mno.

Kasoro ya pili: baada ya onyo jumla haianzi upya. Ukisharekebisha mashine, anza data mpya, na weka head.start=2.5 ili jumla ianzie nusu ya h (ya 5, kwa mikengeuko sanifu) badala ya sifuri, na kama fundi hakumaliza kazi chati ikamate mapema.

Mengine si kosa la programu. Mizani inayosoma gramu nzima haitoshi. Tafuta ya 0.1. Toa uzito wa pakiti tupu. Usipime pakiti kumi mfululizo, maana jirani hufanana na maonyo ya uongo yatakuchosha. Moja kila dakika 15 inatosha kwa laini nyingi.

Usakinishaji unahitaji intaneti mara moja tu, kisha kazi inaendelea hata mtandao ukikatika. Mchoro unaonyesha pande zote mbili kwa pamoja, na unasomeka hata ukichapwa kwa wino mweusi. Mwongozo ni wa Kiingereza na umeandikiwa wanatakwimu, si msimamizi wa zamu.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imekwenda na ule wastani wa kujikokotolea. Asiyetaka kuandika amri atumie jedwali la LibreOffice: uzito safu ya B kuanzia B2, C1 iwe sifuri, na C2 iandikwe =MAX(0,C1+B2-250.6), kisha ivutwe chini.