Safari ya Tendaguru au ndimu za mtaani?

Ukitaka kuwafunza sayansi madogo wa Lindi mjini, kuwapeleka Tendaguru, kile kilima kilikochimbwa mifupa ya dinosaria, ni poa ila gari na mafuta ni hela, alafu mifupa Wajerumani walichimba 1909 hadi 1913 wakabeba, yule dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13 yuko Berlin, kwahiyo dogo anaishia kuona pori na kusikiliza stori (stori yenyewe kali lakini). Majaribio ya mtaani je? Ndimu, misumari ya bati, waya wa shaba, unachomeka msumari na waya kwenye ndimu inakuwa betri. Ndimu moja haifiki volti 1, kitaa chekundu cha LED kinagoma, wanabishana weee, mara mmoja anaunga nne, msumari wa hii kwa shaba ya ile, kinawaka kwa mbaali! Bajeti ikibana mi nachukua ndimu, Tendaguru isubiri likizo.