Pistoni zenye mpako wa joto kwa gari la zamani: zipi ununue ukiwa Tanga

Land Rover Series III na Peugeot 504 bado zinafufuliwa kwenye gereji za Ngamiani, na kila ovahoo (injini kufumuliwa na kufanywa upya) inafika kwenye swali lile lile: ununue pistoni tupu au zenye mpako? Tanga sijui mahali pa kuzipaka pistoni mpako kwa uhakika, kwa hiyo utaagiza zilizopakwa tayari, Kariakoo au Mombasa kupitia Horohoro. Ukikosea, kurudisha mzigo ni usumbufu.

Kabla ya kutoa hela, elewa joto linapitia wapi. Moto ndani ya silinda unavuka nyuzi 2,000 za Selsiasi, wakati aluminiamu inayeyuka kwenye 660 na inapoteza nguvu mapema zaidi ya hapo. Kinachoiokoa pistoni ni ringi, pete za chuma zinazoizunguka: joto linapita humo, linaingia kwenye ukuta wa silinda, kisha kwenye maji. Gari likichemsha kwenye mlima wa Mombo kwenda Lushoto, tafuta rejeta iliyoziba, themostati iliyong'olewa au taimingi (wakati wa cheche kuwaka) iliyopotea. Mpako hautibu hayo, na muuzaji anayekuahidi hivyo usimsikilize.

Nafasi ya kwanza naipa pistoni mpya yenye sketi (ubavu wake wa chini) iliyopakwa grafaiti au moli (molibdenamu), vilainishi vikavu, kiwandani, kichwa kikiwa kitupu. Mpako huu hauzuii joto. Kazi yake ni kuzuia pistoni isikwaruze silinda pale inapotanuka kwa joto, au asubuhi oili ikiwa haijapanda. Magari ya zamani mengi hukaa wiki nzima bila kuwashwa, ukuta wa silinda unabaki mkavu, na ndiyo maana nauweka juu ya vyote. Unene wake kwa kawaida ni maikroni 10 hadi 20 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Dukani fungua boksi, lowesha kitambaa kwa petroli na ufute sketi. Kikitoka cheusi tii, mpako haukuiva kwenye tanuri. Kisha chukua ringi mpya, iingize kwenye mfereji wake kwa upande wa nje na uizungushe pistoni nzima. Iteleze bila kukwama popote. Chungulia na tundu la pini inayoishika pistoni: likiwa na rangi ndani, rudisha. Boksi lililokaa wazi kwenye hewa yetu ya chumvi nalo likague, maana aluminiamu huota ungaunga mweupe na ringi hushika kutu.

Ya pili ni sketi hiyo hiyo, pamoja na kauri nyembamba kichwani. Hii inamfaa mwenye gari linalobeba mzigo na kupanda milima, mathalani Muheza hadi Amani kila mara. Kauri inapunguza joto linaloingia kwenye pistoni, kwa hiyo ringi ya juu inapumua. Lakini injini ya petroli ya Land Rover ya lita 2.25 ina kompresheni (kiasi mchanganyiko unavyobanwa) ya 7 au 8 kwa 1, ndogo kabisa, na kwa mwendo wa mjini hutaona tofauti ya maana. Ukinunua, pistoni zote nne ziwe zimepakwa sawa, na mwambie fundi asije akakwangua masizi kwa bisibisi.

Anodaizi ngumu, tabaka la oksidi linalooteshwa kwa umeme juu ya aluminiamu yenyewe, naiweka ya tatu, na kwa dizeli tu. Inalinda kichwa na mfereji wa ringi ya juu. Toyota walipotoa injini ya 1GD-FTV mwaka 2015, ile ya Hilux na Prado, kichwa cha pistoni walikitengenezea anodaizi yenye vitundu vidogo iliyoimarishwa kwa silika, ili joto lisipotee. Hiyo si sawa na anodaizi ya kawaida, hivyo usikubali jina la Toyota litumike kukuuzia kitu kingine.

Zirkonia (aina ya kauri) nene ya kunyunyizwa kwa plazima, yaani gesi yenye moto mkali, hapana. Miaka ya 1980 Cummins na jeshi la Marekani waliihangaikia dizeli isiyo na mfumo wa kupoza, na kauri za aina hii zilikuwa kiini cha kazi hiyo. Kwenye petroli uso wake unabaki na moto mno, mchanganyiko unawaka kabla ya wakati na injini inagonga. Tena haitanuki sawa na aluminiamu, hivyo inaweza kubanduka vipande.

Pistoni zilizochovywa bati ni nzuri kwa kuzoesha injini mpya, basi. Bati linayeyuka kwenye nyuzi 232.

Rangi ya kopo ya ekzosi isiguse kichwa cha pistoni. Itamenyeka, na vumbi lake litachora silinda uliyolipia kuchonga.

Jambo la mwisho, na hili nalisisitiza kwa nguvu: bloku isichongwe kabla pistoni hazijafika mkononi. Silinda ya Land Rover hiyo ni milimita 90.47, na ovasaizi ya 020 (inchi 0.020 zaidi ya kipimo cha awali) inaongeza takriban nusu milimita, lakini mpako nao una unene. Pima kila pistoni kwa maikromita, chini ya sketi, upande uliokingamana na pini, kwa kuwa pistoni si duara kamili. Mwulize muuzaji kama nafasi kati ya pistoni na silinda iliyoandikwa kwenye kitabu inahesabiwa juu ya mpako au juu ya chuma kitupu, andika vipimo vyote vinne kwenye karatasi, kisha umpelekee mchongaji karatasi hiyo pamoja na pistoni zenyewe.