Mwembe wa uani: kuupogoa au kuukata?

Mabishano haya hurudi kila masika yanapokaribia, matawi yakiwa yamelalia mabati.

Tuanze na kibali, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kuwa mti umo ndani ya ua wako hakukupi ruhusa ya kuuangusha utakavyo. Zanzibar ina Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996, na njia ya kawaida huanzia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wako, kabla ya kufika idara ya misitu. Kama ni mkarafuu, usiguse shoka kabisa kabla ya ruhusa. Zao hili lina sheria yake. Mji Mkongwe nako uliza kwanza mamlaka ya hifadhi. Kupogoa matawi machache huwa na usumbufu mdogo zaidi, ila mwambie sheha hata hivyo, na jirani pia ikiwa tawi limevuka ukuta.

Kwa gharama, kupogoa ni nafuu leo lakini utarudia tena na tena. Kukata hulipwa mara moja, halafu kuna kisiki, nacho kisiki cha mwembe huchipua upya ukikiacha.

Mwembe huzaa kwenye ncha za matawi, hivyo upogoe baada ya mavuno. Mimi napenda kivuli, na mti wenye afya ningeupogoa tu. Lakini shina likiwa na uwazi ndani, au limeinamia chumba wanacholala watoto, kupogoa hakutoshi. Waya za umeme zikipita hapo, liite kwanza shirika la umeme, iwe unapogoa au unakata.