Basi jekundu la Cape Town: pa kushuka na pa kupitiliza

Mabasi mekundu ya ghorofa ya City Sightseeing, Cape Town, ya watalii, ambayo unashuka na kupanda tena kwa tiketi ileile, yanastahili nauli yake kwa mambo mawili: kukufikisha kwenye kituo cha chini cha gari la kebo la Table Mountain, na kukuzungusha nyuma ya mlima kupitia Kirstenbosch hadi Hout Bay. Katikati ya mji usihangaike nayo. Company's Garden, Greenmarket Square, District Six Museum na ile ngome ya Castle of Good Hope zinatembeleka kwa miguu, na foleni ya magari itakuchelewesha zaidi ya mwendo wako.

Tatizo lenyewe ni kwamba njia huzunguka upande mmoja tu. Ukishuka Camps Bay ukakumbuka kuwa mlima umeuruka, hakuna basi la kukurudisha juu. Utazunguka Sea Point, Waterfront na mjini ndipo ufike. Kwa hiyo panga vituo kwa mfuatano wa njia, mlima kwanza, pwani baadaye.

Anzia kituo namba 1 pale Waterfront, jirani na Two Oceans Aquarium, na basi la mapema. Kabla ya kulipa, inua macho uutazame mlima. Wingu jeupe likimwagika ukingoni kama kitambaa cha meza, ujue upepo wa kusini-mashariki umeshika kasi na huenda gari la kebo limesimamishwa. Mtu wa pwani ya kwetu angeuita kusi, ila wa huku huvuma hasa miezi ya joto, Oktoba hadi Machi, wageni wanapojaa. Siku hiyo panda njia ya bluu, ile ya Kirstenbosch na Hout Bay, mlima uuache kesho. Tovuti ya gari la kebo huonyesha kama liko wazi. Iangalie ukiwa bado hotelini.

Kiti: ghorofani, upande wa kushoto. Kutoka Camps Bay kupitia Clifton na Bantry Bay bahari yote iko kushoto. Aliyekaa kulia anapiga picha za kuta na mageti. Kofia isiyo na kamba itaruka, na jua la juu linaunguza hata kukiwa na baridi, kwa hiyo beba koti jepesi na mafuta ya kujikinga.

Maelezo yanasikika kwa hedifoni za waya unazochomeka kwenye tundu karibu na kiti, kisha unachagua namba ya lugha. Zisizo na waya hazisaidii kitu. Jaribu sauti kabla basi halijaondoka. Ikikwaruza au ikisikika sikio moja, vuta plagi nje kidogo uizungushe. Tundu lililochomekwa kila siku hulegea. Ikigoma, hama kiti.

Njia ya bluu ndiyo bora ya zote. Kirstenbosch, bustani iliyoanzishwa mwaka 1913, ipe saa mbili kwa uchache, upite na lile daraja la Boomslang la mita 130 linalopinda juu ya miti. Kiingilio chake ni pembeni ya tiketi ya basi, kama ilivyo kwa gari la kebo. Wapenda mvinyo hubadilisha basi Constantia Nek, wakashika njia ya zambarau hadi Groot Constantia, shamba la tangu 1685. Robben Island usiichanganye na siku hii: boti ina saa yake, na ziara hula zaidi ya saa tatu.

Ukikata tiketi, uliza kama siku moja maana yake ni saa 24 au ni mpaka basi la mwisho la siku hiyo. Kila unaposhuka, piga picha ratiba iliyobandikwa kituoni. Basi la mwisho likikupita Hout Bay, kuna MyCiTi, basi la abiria la jiji, ambalo halipokei pesa taslimu, au uite Uber au Bolt giza halijaingia.