ASRS kwa rubani na mwongoza ndege wa Tanga: bure, ila ina namna yake ya kusomwa

Tuanze na bei, maana ndilo swali la kwanza: ni bure. Hakuna kadi ya benki, hakuna ada ya mwezi, wala toleo la wanyonge lililokatwa nusu. ASRS ni mfumo wa Marekani wa kupokea ripoti za hiari za usalama wa anga. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wamekuwa wakiuendesha tangu 1976 kwa fedha za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, na ripoti zake zinasomwa mtandaoni na mtu yeyote. Tumeupima kwa ajili ya marubani wa ndege ndogo zinazokwenda Pemba, Unguja na Dar es Salaam, waongoza ndege wa viwanja vya ukubwa wa Tanga, na vijana wanaosomea kazi hizo mbili. Abiria wa kawaida atatoka humo na hofu tu, hana cha kuchuma.

Chanzo cha huduma hii kinaeleza kwa nini imeundwa ilivyo. Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya TWA, safari namba 514, ilijipigiza mlimani Virginia ikielekea kutua uwanja wa Dulles karibu na Washington, wakafa wote 92. Marubani walipewa kibali cha kuanza kuukaribia uwanja, wakaelewa kwamba njia mbele yao ni salama kushuka hadi futi 1,800. Mwongoza ndege yeye alichukulia kwamba kulinda kimo katika hatua ile ni kazi ya rubani. Kila upande ulidhani mwenzake ndiye anayeangalia milima. Linaloudhi zaidi ni kwamba wiki 6 kabla yake ndege ya United ilinusurika eneo hilohilo kwa kutoelewana kwa namna hiyohiyo, na United wakawaonya marubani wao wenyewe. Onyo halikufika TWA, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kulipeleka.

Utaratibu wa sasa ni huu. Rubani, mwongoza ndege, fundi au mhudumu wa ndani ya ndege anajaza fomu ya upande wake. Wachambuzi, wengi wao marubani na waongoza ndege wa zamani, wanaisoma, na wakiona kuna pengo wanampigia simu aliyeandika. Kisha kipande chenye jina na simu kinakatwa na kurudishwa kwake kikiwa na tarehe, kiwe ushahidi kwamba aliripoti. Kinachoingia kwenye hifadhi hakina tarehe kamili, kuna mwezi na mwaka tu. Saa inatajwa kwa robo ya siku, mathalani 1201 hadi 1800, na uwanja mara nyingi unaitwa ZZZ. Mgeni akikutana na ZZZ mara tatu katika aya moja anaweza kudhani faili limeharibika. Halijaharibika, ni kinga ya aliyeripoti.

Kuna milango mitatu ya kuingilia. Wa kwanza ni CALLBACK, jarida la kila mwezi linalotoka tangu 1979: kurasa chache, mada moja, ripoti kadhaa zilizochaguliwa. Hili tunalipa alama za juu kabisa. Linafunguka hata kwa kifurushi kidogo cha simu, na ukiacha barua pepe yako litakujia lenyewe. Wa pili ni seti za ripoti 50 50 kwa mada: mawasiliano ya rubani na mwongoza ndege, ndege kuingia njia ya kurukia bila kibali, viwanja visivyo na mnara, ndege kuelekea ardhini ikiwa haina hitilafu. Kwa huku kwetu seti ya viwanja visivyo na mnara ina kazi kuliko zote, kwa sababu rubani wa Tanga leo yuko na mnara, kesho yuko kwenye kiwanja cha Saadani au Mashado ambako hakuna wa kumwambia nani yuko hewani. Seti za viwanja vikubwa vyenye njia nne za kurukia ziachwe hadi muda uwe mwingi.

Mlango wa tatu ni hifadhi yenyewe, yenye ripoti nyingi mno, na hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Ukurasa wa kutafutia ni wa kizamani, una masanduku mengi, na ukiandika neno moja tu utaletewa maelfu. Anza na aina ya aliyeripoti: chagua mwongoza ndege. Halafu weka aina ya operesheni au ndege unayoijua, kisha miaka, na mwisho kabisa neno la kutafuta ndani ya maelezo. Ukitanguliza neno utalemewa. Matokeo yakibaki chini ya mia yapakue kwenye jedwali, usome safu ya muhtasari kwanza. Ripoti zenye maelezo mawili, la kwanza na la pili, ndizo za kuwekwa pembeni, kwa maana hapo tukio moja limesimuliwa na watu wawili, na pengine mmoja ni rubani na mwingine alikuwa mnarani. Hakuna kitabu cha darasani kinachokupa hilo. Tahadhari moja: ripoti za zamani zimeandikwa kwa herufi kubwa tupu na vifupisho vilivyobanana, na mtu asiyezoea atahitaji nusu saa kwa ukurasa mmoja.

Sasa ubora wa yaliyomo. Kosa linalojirudia sana ni rahisi kulieleza na gumu kulizuia: agizo linatolewa sawasawa, rubani analirudia vibaya, na mwongoza ndege halisikii kosa. Kulirudia agizo kunafundishwa sana, kumsikiliza anayerudia hakufundishwi hata nusu yake. Mwongoza ndege akishatamka 'futi elfu kumi' kichwani tayari anasubiri kusikia elfu kumi, na wakati huo mkono unaandika, simu ya kituo jirani inalia, na ndege nyingine imeanza kuita. Elfu kumi na elfu kumi na moja ni jozi inayosumbua tangu enzi za mwanzo za ASRS.

Mfano mkali wa jambo hili haumo katika ripoti za hiari, maana waliokuwemo hawakupona. Tarehe 19 Februari 1989, Boeing 747 ya mizigo ya Flying Tiger, safari namba 66, ilikuwa inakaribia Kuala Lumpur. Mwongoza ndege alitaka ishuke hadi futi 2,400 lakini akaitamka tarakimu mojamoja, na tarakimu ya kwanza kwa Kiingereza, 'two', inasikika kama 'to', neno la kuonyesha 'hadi'. Rubani akajibu 'nne sifuri sifuri', hakuna aliyemsahihisha, akashuka kuelekea futi 400. Wote 4 walikufa kilimani. Utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni kwamba mamia na maelfu kamili yatamkwe kama mamia na maelfu. Kanuni inaonekana ya kitoto mpaka uione ajali hiyo, na inahusu moja kwa moja kiwanja ambacho magharibi yake kuna Usambara Mashariki inayozidi futi 4,000 na mvua za masika zinazoufunika mlima mzima.

Mapungufu ya huduma kwa msomaji wa Tanga ni mengi kiasi. Vipimo ni vya Kimarekani: msukumo wa hewa kwa inchi za zebaki badala ya hektopaskali. Utakutana na visa vya marubani wa Kimarekani walioambiwa waweke hektopaskali 992 wakiwa nje ya nchi yao, wakaweka 29.92 kwa mazoea. Hiyo 29.92 ni sawa na hektopaskali 1013, kwa hiyo wamekosea kwa 21, na kila hektopaskali moja ni karibu futi 27 hadi 30 karibu na usawa wa bahari. Ndege inakuwa takriban futi 600 chini ya kile altimita, yaani kipimo cha kimo, inachoonyesha. Pwani yetu hewa kwa kawaida haishuki hadi 992, basi kosa lenyewe si rahisi likupate, lakini 1009 na 1019 zinapishana kwa tarakimu moja tu, na hiyo ni karibu futi 300. Vilevile Marekani ndege ya pili inaweza kupewa kibali cha kutua wakati ya kwanza bado haijatua. Mwanafunzi asichukue hilo akalileta kwenye mtihani wa TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Kinga nayo isikudanganye. Ndani ya Marekani, anayeripoti ndani ya siku 10 kosa lisilo la makusudi, lisilo ajali wala jinai, anaweza kuepushwa adhabu ya FAA. Rubani wa ndege yenye usajili wa 5H, yaani wa Tanzania, akipata tukio Tanga hana sehemu katika kinga hiyo. Ripoti yake inakwenda TCAA kwa taratibu za nchi. Kiambatisho cha 19 cha ICAO, kinachotumika tangu Novemba 2013, kinaitaka kila nchi iwe na mfumo wa lazima na wa hiari. Na idadi za ripoti zisitumike kupima ukubwa wa tatizo: ni za hiari, hazijathibitishwa, na anayeripoti ni yule aliyeona faida ya kuripoti. NASA wenyewe wanalisema hilo waziwazi, lakini watu wanaendelea kuchora grafu.

Anayechoshwa na inchi na ZZZ ajaribu CHIRP, mfumo wa aina hii wa Uingereza, iliyoanza 1982. Ni ndogo zaidi, inatumia hektopaskali, na kila ripoti inafuatiwa na maoni ya wataalamu yanayosema nini kingefanyika. Kwa kujisomea peke yako CHIRP ni laini zaidi. Kwa kikao, ASRS inashinda, kwa sababu haikupi jibu.

Na kikao ndiyo matumizi yake bora. Dakika 45, ripoti moja, si tatu. Wawepo watu wa pande zote mbili, marubani wawili na mwongoza ndege mmoja wanatosha. Chapisha maelezo, funika muhtasari, soma hadi pale agizo linapotolewa, kisha simama. Kila mmoja aandike kwenye karatasi yake alichosikia na ambacho angejibu. Soma tena hadi jibu la rubani, simama, mwongoza ndege aseme kama angelipitisha. Mkifika mwisho linganisheni na orodha ya yanayopaswa kurudiwa: kibali cha njia, ruhusa ya kuingia, kuvuka, kutua, kuruka au kusubiri nje ya njia ya kurukia, njia inayotumika, QNH (msukumo wa hewa wa kuweka kwenye altimita), msimbo wa transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada), kimo, uelekeo na kasi. Mjadala uende kwa Kiswahili, ila maneno ya redioni yasomwe kwa Kiingereza yalivyo, kwa kuwa kosa limo ndani ya maneno hayo. Visa vya kiwanja chenu visiingizwe kikao cha kwanza. Mkubwa wa kazi akiwepo na kuanza kuuliza 'huyu alikuwa nani', watu watanyamaza na hamtawapata tena.

Kwa mwezi wa kwanza chukueni seti ya mawasiliano ya rubani na mwongoza ndege, mtafute humo ripoti za ndege mbili zenye majina ya wito yanayofanana. Ndege ndogo mbili aina ya Caravan za kampuni moja, zote 5H na herufi mbili zinazofuata zilezile, zikiwa kwenye masafa mamoja kati ya Tanga na Pemba, zinatosha kumfanya mmoja aitikie kibali cha mwenzake. Dawa iliyomo kwenye ripoti hizo ni ndogo na haina gharama: jina la wito litajwe lote bila kufupishwa, na mwongoza ndege aziambie ndege zote mbili kwamba wanafanana.