Kitabu cha sheria za besiboli: anzia nyuma

Nyota nne. Mimi ni mtu wa kandanda tangu utotoni, ila hapa Texas mwanangu kacheza besiboli, nami nikajikuta nachezesha mechi za watoto. Nikapakua kitabu cha sheria rasmi za ligi kuu ya Marekani, ni bure, nikakichapisha maktaba.

Jumamosi moja nilikuwa na wakimbiaji, yaani wachezaji wa timu inayopiga, besi ya kwanza na ya pili (besi ni vituo wanavyopitia), auti hakuna, yaani hajatolewa mtu. Mpira ukapigwa juu, mlinzi wa besi ya pili yuko chini yake kabisa. Nikanyamaza. Akauangusha, wakimbiaji wamegandia kwenye besi zao, auti mbili! Kocha akanijia kofia mkononi. Haki yake: hapo mpigaji ni auti hata mpira usipodakwa, walinzi wasipate kuuangusha kwa hila ili watoe wawili. Maelezo hayo nimeyakuta kwenye maana za maneno, kurasa za mwisho. Nani angeanzia huko?

Lakini ubishi wa “wakifika pamoja mkimbiaji kashinda”, yaani mpira na mkimbiaji, nimeumaliza kwa kifungu 5.09(a)(10): mpigaji ni auti akiguswa kwa mpira yeye, au besi ya kwanza, kabla hajaikanyaga. Makosa ya mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira), kifungu 6.02(a), nimeyasoma mara tatu. Bado sijayaelewa.